Alama Chini ya Sahani

Mwanahamisi alitoa sharti moja tu. Latifa alipomwomba kisa chake akitie kwenye katuni, aliiacha chai ikapoa, kisha akamwambia achukue kitanda, achukue mlango, achukue hata machozi kama yatamfaa, lakini sahani aziache. Latifa akamshika magoti kwa mikono miwili, kama mwali anavyomshika somo wake anapomwahidi jambo, akasema sahani hazitakuwemo.

Latifa hakuwa mpita njia. Mwanahamisi ndiye somo wake, ndiye aliyemfunda alipovunja ungo, miaka kumi na minne iliyopita, akakaa naye ndani siku saba hapo mtaani Likombe na kumwambia yale ambayo mama hawezi kumwambia binti yake kwa haya. Mama ataulizwa kama kuna chumvi. Somo ataulizwa mengine yote, mpaka uzeeni. Na kabla ya habari za usafi, kabla ya habari za mume, mwali hufundwa kwamba aliyoyasikia ndani asiyatoe nje hata akikasirika, hata akibembelezwa, hata akipewa zawadi. Latifa alikuwa mwepesi wa kushika. Mwanahamisi alijivunia mwali huyo mbele ya wenzake, nao walikubali, na wanawake wa Likombe hawakubaliani na mtu kwa urahisi.

La ndani lenyewe lilikuwa hili. Ramadhani ya mwaka juzi Mwanahamisi aliamka siku moja akashindwa kunyanyuka. Hakuna aliyekufa. Mume aliyemwacha alimwacha zamani na hakuna aliyemlilia. Mwanawe Sudi alikuwa Dar es Salaam, mzima, anapiga simu kila Ijumaa. Korosho za kubangua zilikuwa kwenye ndoo zikimsubiri. Lakini kifua kilikuwa kizito, mikono haikutaka kazi, na kila chombo chenye uwazi kilimtisha: kikombe, bakuli, sufuria. Aliona kama vyote vimeachama vikimtaka kitu ambacho hana.

Majirani waliposikia anaumwa walimletea futari, huyu tambi, yule muhogo wa nazi, yule maharage na maandazi. Watoto waliziweka sahani mlangoni, wakapiga hodi, wakakimbia kuwahi kwao. Yeye alizivuta ndani, akamwaga chakula kwenye ndoo, akazifudikiza sahani sakafuni, uso chini, moja baada ya nyingine. Kufika siku ya kumi na mbili hapakuwa na pa kukanyaga.

Latifa ndiye aliyevunja komeo. Alikuta sahani ishirini na tatu sakafuni na somo wake amekaa katikati yake. Hakupiga kelele. Alimwogesha, akamlisha uji kwa kijiko, akampeleka hospitali, ambako daktari mpole alimwambia kwamba ugonjwa wake una jina na una dawa. Kisha akarudi, akaziosha zile sahani, akampelekea kila jirani ya kwake, na kwa kuwa sahani ya watu hairudishwi tupu, kila moja aliitia korosho. Aliwaambia ni taifodi. Taifodi ni ugonjwa wenye heshima zake. Kila mtu ameugua, au ana shemeji aliyeugua. Mwanahamisi akaenda kupumzika kwa dada yake Mahurunga miezi miwili, akala muhogo mbichi na samaki wa Ruvuma, akarudi amenenepa. Hakuna aliyeuliza zaidi.

Sasa utaelewa kwa nini alikubali kutoa kisa. Hakuona namna ya kumnyima kitu mtu aliyemwogesha.

Latifa alikuwa na chumba Chikongola, juu ya duka la vitenge. Alisomea uchoraji wa kompyuta, akarudi nyumbani kuchora kadi za harusi na matangazo ya saluni, mpaka shirika moja lilipompa kazi ya katuni ya dakika nne kuhusu afya ya akili, ipelekwe mitaani na kwenye vijiji vya mpakani. Msimamizi wa kazi hiyo alikuwa Yustina, mama wa Songea, mwema, mwenye haraka zake, aliyeongea na simu mbili kwa wakati mmoja. Latifa aliamua katuni iwe ya mstari mmoja tu, mweusi, juu ya weupe mtupu. Mstari unakuwa sakafu. Sakafu inainuka inakuwa mwanamke. Mwanamke analala, anakuwa sakafu tena.

Mwanahamisi alipoonyeshwa mara ya kwanza alicheka. Mtu gani huyu, aliuliza, hana pua, hana mdomo, hana hata kanga ya kujifunika? Latifa alimweleza kwamba ndivyo inavyotakiwa. Kadiri unavyompunguza yule wa kwenye picha ndivyo mtazamaji anavyopata pa kujiweka. Mwanahamisi akasema haya, nyie ndio mliosoma.

Akaanza kwenda kila Jumanne na Alhamisi baada ya kuuza korosho zake sokoni. Alijifunza kwamba sekunde moja inakula michoro kumi na miwili, na kwamba mwanamke kugeuka ubavu ni kazi ya siku nzima. Alikuwa msahihishaji mkali. Latifa alipomchora yule mwanamke akijaribu kuamka kwa kuinua kichwa, Mwanahamisi alikataa. Alimwambia mtu wa namna ile haanzi na kichwa. Anaanza na kidole cha mguu, na kidole chenyewe kinagoma. Latifa akafuta kazi ya siku mbili bila kunung'unika, akachora kidole. Kilipotikisika kwenye kioo, kikajaribu, kikalala tena, Mwanahamisi alilia, na lilikuwa ni kilio kizuri. Kitu alichodhani ni chake peke yake duniani, kumbe kinaweza kuchorwa na mtu mwingine akakiona.

Maneno hayakuwemo, sauti tu, na sauti zote alizitoa yeye: pumzi, komeo, kanga ikiburuzwa sakafuni. Alizitoa mbele ya maikrofoni iliyovalishwa soksi, dirisha limefungwa, jasho likimtiririka. Siku ya mwisho Latifa alimwomba moja zaidi, ya sahani ikiwekwa kwenye saruji. Mwanahamisi akamkazia macho. Latifa akasema ni ya mwishoni kabisa, mwanamke amepona, ameketi anakula. Basi Mwanahamisi akaichukua sahani, akaiweka chini mara moja, taratibu, na Latifa akasema inatosha.

Wiki hiyo hiyo Zainabu, jirani wa nyumba ya tatu, alimjia na ombi. Binti yake mkubwa alikuwa ameshapevuka na angewekwa ndani likizo ya Desemba. Alitaka Mwanahamisi awe somo wake. Tangu augue, Mwanahamisi alikuwa akiwakatalia watu, akisingizia kiuno. Ukweli ni kwamba hakujiamini. Angemfundaje mtoto wa watu kuyashika maisha, yeye ambaye aliyaachia yakamponyoka? Safari hii alijisikia akijibu ndiyo kabla hajafikiri. Zainabu alipoondoka alikaa kibarazani akitabasamu peke yake kama mtu asiye na akili timamu, akajicheka kwa kulifikiria neno hilo. Jibu lile la ndiyo lilimhakikishia kwamba amepona, kuliko vidonge na kuliko daktari, na hakuna kitu alichokitaka mwaka ule zaidi ya kukaa ndani na yule binti.

Siku ya kuonyesha katuni, yeye mwenyewe ndiye aliyempitia Zainabu. Ilikuwa alasiri, kwenye darasa la shule ya msingi, madirisha yamezibwa kwa vitenge ili kuwe na giza. Wanawake wa mtaa walijaa, na wanaume wachache waliobaki mlangoni kana kwamba wanapita tu. Yustina alitoa hotuba fupi. Mwanahamisi alikaa mstari wa mbele, bega kwa bega na Zainabu, amejifunga doti yake mpya ya kanga. Alitaka jirani yake aone kitu kizuri, na baadaye, kama moyo ungempa, angemnong'oneza kwamba zile pumzi ni zake.

Ilianza kama alivyoijua. Mstari, sakafu, mwanamke. Kidole kikajaribu kikashindwa, na nyuma mtu akavuta pumzi kwa huruma. Kisha ikasikika hodi, mlango ukafunguka kidogo, na mkono wa mstari ukavuta sahani ndani.

Mwanahamisi aliisikia sauti ya sahani yake. Iligonga saruji mara moja, taratibu, kama alivyoiweka. Ikagonga tena. Ikagonga tena. Mwanamke wa mstari alimimina chakula kwenye ndoo, akaifudikiza sahani, akavuta nyingine, akamimina, akafudikiza, na kila sahani ilipolala uso chini, kwenye kitako chake ilitokea alama nyekundu, rangi pekee katika weupe wote ule.

Hapo ndipo pa kueleza, kwa yeyote ambaye hajawahi kushiriki shughuli ya mtaani. Vyombo huazimwa, hukusanywa, huchanganyika kwenye mabeseni ya kuoshea, na ili kila mtu akione chake, wanawake hutia alama chini kwa rangi ya kucha. Huyu nukta, yule msalaba, yule herufi ya mwanawe wa kwanza. Hakuna mwanamke asiyeijua alama yake. Anaweza kusahau siku aliyoolewa, lakini si alama ya sahani zake.

Mwanzo walifurahi. Mmoja nyuma alisema, jamani, hiyo si yangu ile? Mwingine akacheka akaonyesha msalaba wake kwa kidole. Mama Hemedi, ambaye naye hufunda mabinti wa mtaa, akaiona herufi yake. Vicheko vikapita mstari hadi mstari, watu wakitambua vyao kama wanavyotambua nguo zao kwenye kamba. Halafu, bila mtu kuambiwa, vicheko vikapungua, vikakoma. Walianza kukumbuka ni lini sahani zile zote zilikuwa nyumba moja. Kwenye kioo, ndoo ilikuwa imejaa chakula mpaka inafurika.

Zainabu hakugeuka. Alama yake ilikuwa nukta tatu, na ilikuwa pale mbele, kubwa kama sinia.

"Zile tambi nilizipika nikiwa na mimba ile iliyotoka," alisema kwa sauti ya chini. "Ulisema taifodi."

Taa ziliwashwa, Yustina akapiga makofi, wachache wakamfuata. Wanawake wengine walimpita Mwanahamisi wakitazama chini, wengine wakimtazama sana, na mmoja, kwa nia njema pengine, alimgusa bega kama watu wanavyomgusa mfiwa. Zainabu alisema anawahi watoto.

Mwanahamisi alimkuta Latifa nyuma ya darasa akizungusha waya mkononi. Yustina alikuwa ametoka tu kumkumbatia, na Latifa alikuwa bado na uso wa mtu aliyekumbatiwa. Alipomwona somo wake alianza kuzungumza haraka haraka, kabla hajaulizwa. Shirika lilikuwa limeirudisha kazi wiki mbili kabla, alisema; walimwambia ni nzuri lakini inafanana na nyingine, haina kitu cha hapa. Akakumbuka sahani. Hakutia jina, hakutia sura, hakutia nyumba. Alama alizitia kwa sababu zilipendeza, ndiyo rangi pekee, na hata Yustina alisema pale ndipo alipolia. Nani angejua?

Mwanahamisi alimwacha amalize. Jambo moja lilikuwa likimsumbua kuliko hasira.

"Alama za watu ishirini na tatu," alisema. "Umezikumbukaje zote, miaka miwili?"

Latifa aliacha kuzungusha waya. Alisema siku ile, kabla hajaziokota, alipiga picha kwa simu, isije rangi ikabanduka kwenye kuosha akashindwa kujua ipi ni ya nani wakati wa kurudisha.

"Na mimi nimo kwenye picha?"

Latifa aliisukuma simu yake ndani ya mkoba, na kwa mtu aliyemfunda mwenyewe, hilo lilikuwa jibu kamili. Mwanahamisi aliiona picha bila kuonyeshwa: sakafu, sahani, na yeye katikati, kichwa wazi, nguo aliyolala nayo siku kumi na mbili. Ilikuwa ndani ya simu ile wakati wote. Ilikuwemo akiwa Mahurunga, ilikuwemo walipokaa wakicheka mtu asiye na pua, ilikuwemo mikono ile miwili iliposhika magoti yake. Kama Latifa angemsema vibaya sokoni angejua la kufanya, angekwenda kumchamba yakaisha. Huyu alimtazama akiwa vile, akamhifadhi, akamfungua tena alipomhitaji.

"Usiniite somo tena," alisema, akaondoka kwa miguu mpaka nyumbani ingawa jua lilikuwa kali.

Siku tatu hakwenda sokoni, na siku hizo tatu aliamka kila asubuhi akijaribu kwanza kidole cha mguu, kwa woga. Kiliamka. Alimeza dawa yake, akabangua korosho, akasubiri kuona nani atapita. Siku ya nne Latifa alikuja na karatasi kutoka kwa Yustina. Shirika lilikuwa limegundua kwamba kisa ni cha mtu halisi na lilitaka saini yake kwamba aliridhia, vinginevyo katuni isingeendelea. Latifa alilia. Alisema watu wawili wameshakwenda hospitali baada ya kuiona, wanaume, wa hapa hapa Likombe. Huenda ilikuwa kweli, Mwanahamisi hakumuuliza. Aliipokea karatasi, akaiweka chini ya mto, akamwambia aende.

Jumapili akaja Zainabu. Alikaa mkekani, akauliza afya, akaulizwa za watoto, na walipomaliza salamu zote akaingia kwenye lake. Alisema ugonjwa ule haumtishi. Mama yake mdogo alikuwa nao, wakamfungia chumba cha uani mpaka akafa, na ilipokwisha katuni alimkumbuka akalia njia nzima. Alisema tambi ameshazisamehe. Alisema pia kwamba binti yake bado anamtaka Mwanahamisi na amekataa kutajiwa mtu mwingine.

"Kinachonikwaza ni Latifa," alisema. "Somo anajulikana kwa mwali wake, dada. Latifa ni mwali wako, na ametoa la ndani akalitundika ukutani watu wakaliona. Nyumbani wananiuliza, aliyemfunda yule ndiye wa kumfunda wetu? Mimi nimewaambia pengine ulimruhusu. Kama ulimruhusu, basi alitumwa na somo wake, na hakuna wa kusema kitu. Nijibu hilo tu. Ulimruhusu?"

Lilikuwa jibu la neno moja, na Zainabu alikuwa amelitengeneza, amelipamba, amelileta mpaka mkekani. Mwanahamisi aliona jinsi ambavyo lingekuwa tamu. Angesema ndiyo, angetia saini ile karatasi, Latifa angesifiwa, yeye angeitwa jasiri, na Desemba angeingia ndani na yule binti, siku saba, wawili peke yao. Alitamani kumfunda yule binti kuliko kitu chochote. Angehitaji tu kumfunika Latifa kidogo, kama Latifa alivyomfunika yeye kwa taifodi.

Lakini alikumbuka mikono kwenye magoti yake. Nami sitakudanganya kwamba alijibu vile kwa sababu ya ucha Mungu. Alijibu kwa hasira, kwa kuwa alikuwa ameibiwa jambo moja na sasa anaombwa aseme alilitoa zawadi.

"Nilimkataza," alisema. "Akaniapia, halafu akafanya."

Zainabu aliinamisha kichwa. Alimshukuru kwa kusema kweli. Alimwombea afya, akampa mkono, akavaa ndala zake. Alikuwa na huzuni, na huzuni yake haikumzuia kwenda. Hakurudi kwake. Alikata kona kulia, kwenye nyumba ya mama Hemedi, na kutoka mkekani Mwanahamisi aliisikia hodi ikipigwa, ikiitikiwa, na mlango ukifunguliwa.